Fedha Mkononi mwa Mtu wa Tatu: Ardhi, Mawakili na Historia ya Kabanga

Anayetaka kuelewa jinsi ardhi inavyouzwa na kununuliwa Kabanga, huko Ngara, Tanzania, karibu kabisa na mpaka wa Burundi, asimtazame sana muuzaji wala mnunuzi. Amtazame mtu wa tatu, yule anayeshika fedha katika siku au miezi inayopita kati ya malipo ya kwanza na makabidhiano ya shamba. Hapo ndipo hila hupata nafasi. Mwenye shamba anaweza kuwa mkweli na mnunuzi akawa mkweli, lakini fedha zimeingia mfukoni mwa mtu aliyesema atazihifadhi, na siku ya kudaiwa hazipo, au zimepungua, au zimegeuka gharama ambazo hakuna aliyezikubali. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza mtu huyo wa tatu kwa kawaida ni wakili. Kabanga sivyo, na hali hiyo haikuja kwa bahati. Kwa karibu karne nzima sheria ilimweka wakili mbali na ardhi ya kijijini, kwa nia ambayo kwa kiasi fulani ilikuwa njema. Ilimwepusha mwanakijiji na ankara za mawakili. Ilimnyima pia kanuni moja ambayo taaluma hiyo ilijifunza kwa aibu kubwa: kwamba fedha za mteja hazikai mfuko mmoja na fedha za anayezishika.

Aibu hiyo ilitokea Uingereza. Katika karne ya 19 wakili wa huko hakuwa mtu wa mahakamani tu. Alikuwa ndiye lango la mali yote isiyohamishika: aliandika hati, alipokea bei ya nyumba, alikopesha akiba za wajane kwa wajenzi, na riba ilipita kwake. Vyote hivyo viliingia katika akaunti yake ya benki, pamoja na kodi ya nyumba yake na ada ya shule ya watoto wake. Mwaka 1901 Benjamin Greene Lake, aliyewahi kuwa rais wa chama cha mawakili na mwenyekiti wa kamati yake ya nidhamu, alihukumiwa miaka 12 gerezani kwa fedha za wateja zilizopotea mikononi mwa ofisi yake. Msimamizi mkuu wa maadili ndiye aliyepatikana na hatia. Ni vigumu kubuni kisa kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba heshima ya mtu haitoshi kuwa ulinzi. Hata hivyo chama chake kilisitasita kwa miongo mitatu. Sheria ya mwaka 1933 ndiyo iliyokipa wajibu wa kutunga kanuni za hesabu, nazo zikaanza kutumika mwaka 1935: akaunti mbili, moja ya ofisi na moja ya wateja, na daftari linaloonyesha kila senti ni ya nani. Baadaye ukaja mfuko wa kuwafidia walioibiwa. Mwaka 1964 majaji wa Baraza la Malodi, katika kesi ya kodi iliyomhusu wakili wa Scotland, walifika hadi kusema kwamba hata riba iliyozaliwa na fedha za wateja zikiwa benki ni mali ya wateja, si ya wakili.

Kanuni hiyo ilivuka bahari pamoja na taaluma yenyewe. Tanganyika ilipata sheria ya mawakili mwaka 1954, na mwaka huohuo kikaundwa chama cha mawakili. Kenya ilitunga kanuni zake za hesabu za mawakili mwaka 1966. Lakini ilivuka hadi wapi? Hadi Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, na Bukoba kwa kiasi chake. Hadi pale palipokuwa na hati, maduka ya Wahindi na mashamba ya walowezi. Mawakili wenyewe walikuwa karibu wote Wazungu na Waasia, na Waafrika hata wakati wa uhuru walihesabika kwa vidole. Bugufi na Bushubi, nchi mbili ambazo leo ndizo Ngara, zilikuwa mbali na hayo yote. Bugufi ilikatwa kutoka Urundi kwa mpaka uliochorwa na Waingereza na Wabelgiji baada ya makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919, kisha ikasimamiwa kutoka Biharamulo, penye boma lililojengwa na Wajerumani. Kwa mtu wa Kabanga, serikali ilikuwa mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Wakili hakuwepo hata mwisho wa safari hiyo.

Na hata angekuwepo, asingeruhusiwa kuingia. Waingereza walipoziweka mahakama za wenyeji chini ya maofisa wa utawala mwaka 1929, waliwafungia mawakili mlango. Sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1951 haikuwafungulia. Tanganyika huru ilipounganisha mahakama zote katika mfumo mmoja mwaka 1963, wengi wangetarajia katazo hilo liondoke pamoja na ubaguzi uliolizaa, lakini lilibaki, safari hii kwa ajili ya mahakama za mwanzo. Mabaraza ya kata yalipoanzishwa mwaka 1985, yakapewa katazo lilelile. Sababu zilizotolewa zamani na sasa zinafanana sana: wakili anachelewesha, anagharimu, anaugeuza ugomvi wa jirani na jirani kuwa mashindano ya maneno. Sidhani sababu hizo zilikuwa uongo mtupu. Lakini mkoloni alikuwa na sababu nyingine asiyoitangaza. Wakili aliweza kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa bwana shauri, yule ofisa wa utawala wa wilaya, na bwana shauri hakupenda hilo.

Basi nani alishika fedha? Swali hili lina historia yake ya wenyeji, tena si ya kudharauliwa. Kabla ya mkoloni na katika miaka yake ya mwanzo, mwami, yaani mtawala, na watwale wake walipokea kazi, pombe, ng'ombe na mazao kwa jina la ardhi, na hapakuwa na mpaka kati ya ghala la utawala na ghala la mtawala. Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia machifu katikati ya miaka ya 1920, alifanya jambo ambalo kwa macho ya mwanahesabu ni sawa na kanuni ya 1935: aligeuza ushuru wa chifu kuwa sehemu ya kodi ya fedha, akafungua hazina za wenyeji, na chifu akawekwa kwenye mshahara. Mfuko wa chifu ukatenganishwa na mfuko wa nchi yake, walau katika daftari. Utekelezaji ulikuwa na matundu. Huko Bukoba mfumo wa nyarubanja uliwaacha mabwana wakiendelea kudai kodi ya ardhi kutoka kwa watwana wao, na uliondolewa kwa sheria za miaka ya 1960 tu. Hata hivyo wazo lilikuwa limeshaingia vijijini kupitia mlango wa serikali kabla halijaingia kupitia mlango wa wakili.

Mlango wa pili ulikuwa kahawa. Bugufi ilikuwa na ushirika wake wa kahawa katika miaka ya 1930, chini ya sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932, iliyotaka kila chama kiwe na daftari, mkaguzi na mrajisi anayeweza kuingia wakati wowote na kuuliza. Hapa mkulima alijifunza kukabidhi mazao leo na kulipwa baadaye, yaani kumwamini mtu wa tatu kwa miezi, kwa sababu mtu huyo alikuwa na karatasi na juu yake alikuwepo mwenye mamlaka ya kuisoma. Imani hiyo iliharibiwa si na wakulima. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika kwa tamko, na vilipofufuliwa kwa sheria ya 1982 wengi hawakuwa tena na hakika nani anamkagua nani. Ninalitaja hili kwa sababu husemwa kirahisi kwamba watu wa vijijini hawana utamaduni wa hesabu za pamoja. Walikuwa nao, na ulivunjwa kutoka juu.

Wakati huohuo ardhi yenyewe iliondolewa bei. Miliki huru zilifutwa mwaka 1963 zikageuzwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodishaji huo nao ukageuzwa haki ya kumiliki kwa idhini ya Serikali. Kisheria kilichouzwa kilikuwa maendelezo: nyumba, mibuni, migomba. Ngara, kama sehemu nyingi za Kagera, hilo halikumzuia mtu kuuza shamba. Lilimfundisha tu kusema ameuza migomba. Biashara isiyokubali kujiita kwa jina lake haiwezi kuwa na mlinzi wa fedha anayejulikana, kwa kuwa hakuna fedha ya ardhi inayokiriwa kuwepo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikaongeza utata mwingine, wa mashamba ya zamani kupewa watu wapya bila malipo yoyote. Mahakama ya Rufani iliposema mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay kutoka Arusha, kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki, ilikuwa inarudisha bei mahali ambapo haikuwa imewahi kuondoka. Sera ya ardhi ya 1995 na sheria mbili za mwaka 1999 zikakubali wazi kwamba ardhi ina thamani. Bei ilihalalishwa, mshika fedha hakuwekewa utaratibu.

Pengo hilo lisingeonekana sana kama Kabanga ingebaki kijiji cha migomba. Lakini nikeli iligunduliwa katika uchunguzi uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa miaka ya 1970, na tangu hapo mradi unaobeba jina la Kabanga umepita mikononi mwa kampuni ya Sutton, kisha Barrick, kisha Barrick pamoja na Xstrata na baadaye Glencore, hadi mkataba wa Januari 2021 uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ina asilimia 16. Nusu karne ya kungojea ni muda mrefu kwa ardhi. Ongeza barabara ya mpakani, forodha ya pamoja na Kobero ya upande wa Burundi, malori yanayoelekea Bujumbura, na kumbukumbu ya mwaka 1994 wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walipovuka Rusumo kwa siku moja tu na kuibadilisha Ngara yote. Mahali pa namna hii shamba huwa na bei mbili: ya leo kwa anayelima, na ya kesho kwa anayetarajia fidia au fremu za maduka. Tofauti kati ya bei hizo ndiyo riziki ya mtu wa kati. Anaweza kuwa dalali, au mtendaji mwenye mhuri, au kishoka anayejiita mwanasheria kwa kuwa ana kompyuta na mashine ya kuchapa. Kuna pia ile asilimia 10 ambayo serikali za mitaa na vijiji katika sehemu nyingi za nchi zimezoea kuidai kwa kila mauziano. Wizara yenyewe imekana kwamba ina msingi wa sheria, lakini watu wanailipa kwa sababu mhuri hauji bila hiyo. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao wa kati anayetakiwa na sheria kutenganisha mifuko. Wakili peke yake ndiye anayetakiwa, na ndiye aliyewekwa nje.

Nitajibiwa mara moja kwamba wakili ndiye wa mwisho kupewa amana. Ushahidi upo tele. Tume ya malalamiko dhidi ya mawakili nchini Kenya iliundwa mwaka 1989, na kuzuia fedha za mteja ni miongoni mwa malalamiko yanayorudiwa mbele yake mwaka hadi mwaka, hasa bei za viwanja na fidia za ajali. Uingereza yenyewe, yenye kanuni za karibu miaka 90, iliifunga kampuni ya mawakili ya Axiom Ince mwezi Oktoba 2023 baada ya zaidi ya pauni milioni 60 za wateja kutoonekana. Na katika miji kama Liverpool na Manchester, wanunuzi wa vyumba ambavyo havijajengwa wamewalalamikia mawakili waliopitisha amana zao moja kwa moja kwa wajenzi waliofilisika, kila karatasi ikiwa imesainiwa. Pingamizi hili nalikubali lote, ila hitimisho lake. Katika kila kisa hapo juu tunajua kiasi kilichopotea, kilipotea kutoka akaunti gani, na nani aliwajibika, kwa sababu palikuwa na daftari la kulinganishia. Kishoka wa Kabanga hupoteza fedha bila kupoteza chochote kinachohesabika. Kesho yake ni neno lake dhidi ya neno lako, na baraza la kijiji linaombwa kuamua nani ana uso wa mwizi. Kanuni haimzuii mwizi kuiba, lakini inauondoa wizi kwenye eneo la uvumi.

Pingamizi la pili ni la gharama, nalo ni zito zaidi. Shamba la ekari moja haliwezi kubeba ada ya wakili anayetoka Bukoba au Mwanza, na kumlazimisha mkulima ampite yeye ni kumtoza kodi nyingine. Ni kweli. Lakini historia ya Tanganyika ina mfano unaoonyesha kwamba umaskini wa mtu mmojammoja haukuwa kizuizi pale watu walipokusanya nguvu. Wameru walipohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kupisha mashamba ya walowezi, kiasi cha watu 3,000, walichanga fedha kupitia umoja wao, wakashirikiana na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Walichoonyesha ni kwamba fungu la pamoja, likiwa na chama kinachojua limechangwa na nani, linaweza kumlipa wakili bila kuwa mateka wake. Halmashauri ya kijiji inaweza kufungua akaunti ya amana ya mauziano ya ardhi bila kumwajiri wakili hata mmoja, na kuazima kutoka kwake kanuni tu. Sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria ambao wengi wao wako vijijini tayari. Kulinganisha daftari na taarifa ya benki si kazi inayohitaji shahada.

Wapo pia watakaosema kwamba mila ilishatatua jambo hili zamani: mashahidi wa pande zote, majirani wa mipakani, pombe ya ndizi, fedha zinahesabiwa mbele ya watu na kila mtu anaona. Utaratibu huo ni mzuri kuliko wengi wanavyoujua, na mahakama zetu zimeuheshimu mara nyingi kama ushahidi wa mauziano. Udhaifu wake ni mmoja. Uliundwa kwa malipo ya siku moja, ng'ombe akitoka zizi hili akiingia lile. Shahidi huona fedha zikihesabiwa, haoni zinakolala. Siku hizi mnunuzi yuko Mwanza au Kigali, analipa kwa awamu tatu, na kati ya awamu ya kwanza na ya tatu mbuni umechanua na mthamini wa mgodi amepita.

Pingamizi la mwisho ni la kisasa: kwamba fidia sasa huingia benki kwa jina la mlipwaji, na mauziano madogo hupita kwenye simu, kwa hiyo mtu wa tatu amekufa kifo cha kawaida. Kwa fidia, hilo ni hatua kubwa. Sheria inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, yenye posho ya usumbufu, usafiri, makazi na hasara ya faida ndani yake, na kulipa moja kwa moja kunawanyima vishoka makato. Mlango wa wakili nao umefunguliwa kidogo: mwaka 2021 aliruhusiwa kuingia mahakama za mwanzo zinazosimamiwa na mahakimu wakazi, na mwaka huohuo mabaraza ya kata yakanyang'anywa uwezo wa kuamua kesi za ardhi, yakabaki na usuluhishi, kesi zenyewe zikielekea baraza la wilaya ambako mawakili ni wenyeji. Lakini akaunti ya benki ina jina la mtu, na shamba la Wahangaza, wenyeji wa Bugufi, lina watu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya ndoa haijauzwa. Ridhaa hiyo ni juu ya nyumba, na ikishatolewa haisemi lolote juu ya bei. Mume aliyepokea fidia ya migomba iliyopandwa na mke wake, ikapaliliwa na wanawe, amekuwa mshika amana ya watu watano au sita bila daftari, bila mkaguzi, na bila mtu hata mmoja anayefikiri kwamba yuko katika nafasi ileile aliyokuwa nayo Benjamin Greene Lake.